Kurudia Lubumbashi kisha miaka 13: mambo tuliyokuta ku mulango

Tulifika Kasumbalesa saa mbili ya asubuhi, mwezi wa 10 mwaka 2022, kisha siku tatu ndani ya basi kutoka Johannesburg. Upande mmoja wa barabara malori yalikuwa yamepanga mustari, moja nyuma ya ingine, mpaka macho hayaone mwisho. Shaba na kobalti zilikuwa zinatoka. Sisi tulikuwa tunaingia: watu watano, mifuko kumi na moja, friji moja. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 8, aliangalia ule mustari, akauliza kwa Kiingereza kwa nini vitu vyote vinatoka kule tunakoenda. Hatukumjibu. Tulikuwa tunatafuta karatasi za chanjo ya homa ya manjano ndani ya mifuko.

Tunaandika haya juu kila dimanshi, kisha misa, kuko mtu anayetushika mkono na kuuliza: «Yaya, mutoto wetu eko Johannesburg, anataka kurudia. Tumwambie nini?» Katika kambi na kartie za wafanyakazi wa migodi, jamaa isiyokuwa na mtu mmoja ng'ambo ni chache. Mwingine iko Kitwe, mwingine Lusaka, mwingine Ubelgiji. Basi tunajibu hapa mara moja, kwa wote.

Namna tulitoka

Wengi wanakumbuka mwisho wa mwaka 2008. Bei ya shaba ilianguka ulimwenguni, na hapa kwetu Katanga makampuni mengi yalifunga milango. Mmoja wetu, bwana, alikuwa fundi wa umeme katika kampuni moja. Siku moja wafanyakazi walikuta majina yao yamebandikwa ku mulango, na kazi ilikuwa imekwisha. Mwezi wa 2 wa mwaka 2009 tuliuza kitanda na televizio, tukafuata barabara ya kusini. Mtoto wa kwanza alikuwa ku mugongo wa mama yake.

Johannesburg tuliikala kartie ya Yeoville, kule Wakongomani ni wengi mpaka unaweza kununua sombe na samaki ya kukauka bila kusema neno moja la Kiingereza. Fundi wa umeme alilinda motokari mbele ya duka kubwa, na malipo ilikuwa ile sarafu watu walimupa wakitoka. Bibi alisuka nywele. Karatasi yetu ya kuomba ukimbizi ilitakiwa kufanywa upya kila kisha miezi michache. Tulikuwa tunapanga mustari tangu usiku, na blanketi ku mabega. Mwaka 2015, na tena 2019, watu walivunja na kupora maduka ya wageni. Siku zile tulifunga mulango, tukaweka watoto chini ya meza, tukazima taa.

Lakini hatutaki kusema uongo: ule mji ulitulisha. Watoto wawili walizaliwa pale. Na kuko mambo yake yaliyotukumbusha kwetu. Johannesburg nayo ni mji wa migodi, ulianza juu ya dhahabu mwaka 1886, na mpaka leo kuko vilima vya manjano vya udongo uliotolewa chini. Kila tulipopita pale, tulikumbuka kilima chetu cheusi cha Lubumbashi na ile shemine ndefu pembeni yake. Mwezi wa 10 mijakaranda ilitoa maua kule, sawa vile inatoa maua hapa. Basi tulikuwa tunahesabu siku.

Barabara ya kusini

Wazee walitufundisha kwamba mji huu ulifika kwa njia ile ile ya kusini. Reli kutoka Rhodesia iliingia hapa mwaka 1910, mwaka mji ulipoanza, na mwaka 1911 furnezi ya kwanza iliyeyusha shaba. Wafanyakazi wengi wa siku zile za mwanzo walitoka nchi ile tunayoita leo Zambia. Kwa hiyo Lubumbashi ni mji wa watu waliofika na mizigo ku kichwa. Tulijiambia: basi, utatupokea na sisi.

Ulitupokea, lakini haukutungoja. Tulikuwa tumetoka katika jimbo la Katanga. Tulirudia katika jimbo la Haut-Katanga, juu mwaka 2015 jimbo kubwa lilikatwa vipande vine. Pale tulipoacha nyasi, kuko majumba. Pale tulipoacha kivuli cha miti, kuko maduka. Ku taksi-busi tulilipa zaidi, juu hatukujua bei, na mwenye kukusanya feza alitucheka: «Mulitoka wapi, beye?» Umeme unakuja na kwenda, wakati mwingine saa ya kupika bukari iko giza. Unga wa mahindi mwingi unatoka Zambia. Mupaka ukifungwa siku mbili, mama wote wa kartie wanajua.

Hayo yote mtu anazoea. Jambo lililotushinda lilikuwa ingine.

Nyumba iliyoishia ku fondasio

Miaka yote ya Johannesburg tulikuwa tunatuma feza. Mwezi mubaya dola 80, mwezi muzuri dola 150. Nusu ilikuwa ya chakula cha wazazi. Nusu ya kujenga nyumba yetu katika parsele tuliyonunua upande wa Ruashi. Mudogo wetu ndiye alisimamia kazi. Ku simu alikuwa anatuambia: «Kazi inaendelea, yaya.» Tulikuwa tumekwisha kununua pazia za nyumba ile. Zilikuwa ndani ya mufuko wa saba.

Siku ya pili kisha kufika, tulienda kuona. Tulikuta fondasio, na matofali yamepanda mpaka ku magoti. Ndani yake jirani alikuwa amepanda matembele. Hapakuwa kitu kingine.

Tunaona aibu kusema mambo tuliyofanya siku ile. Tulirudia kwa baba na hasira, tukamwita mudogo wetu mwizi mbele ya watoto wake. Yeye hakujibu. Alitazama chini.

Baba ni mutu wa zamani wa migodi. Alitoka kazini mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kutoka kwa hiari. Miaka mingi alikuwa shefu wa ekipe, na kila siku aliandika ndani ya kaye: watu wangapi walishuka, wagoni ngapi zilipanda, mashine gani iliharibika. Ile desturi haikumutoka. Aliingia ku chumba, akarudia na kaye moja ya kifuniko cha bluu, akaiweka juu ya meza.

«Musome kwanza,» alisema. «Kisha mutatukana.»

Tulisoma. Tarehe, hesabu, kazi ya feza. Mwaka 2014: bati za nyumba ya baba, upepo uliziondoa. Mwaka 2015: minerval ya watoto wa dada yetu, ule aliyekufa akizaa. Mwaka 2016 mustari baada ya mustari: dawa ya mama, ekografi, dawa ya mama, damu, kitanda cha hospitali. Mwaka 2017: sanduku, motokari ya kubeba maiti, chakula cha kilio.

Mama yetu alikufa mwezi wa 6 mwaka 2017. Sisi hatukukuja kumzika. Mwenye karatasi ya kuomba ukimbizi akirudia kwao, anaipoteza, na pale tulikuwa na watoto watatu. Tulilia ku simu, tukatuma feza ya maua. Ile ya maua pia baba aliiandika.

«Ju ya nini hamukutuambia?» tuliuliza.

«Tungewaambia, mungefanya nini? Kuya hamungeweza. Mungekosa usingizi bure. Ni miye njo nilimwambia mudogo wenu asimamishe matofali. Alikatala, miye nikamushurutisha. Hasira yenu, muilete kwangu.»

Mistari miwili haikuwa na maelezo. Tarehe na hesabu tu, na pembeni baba aliandika: «Haiyulikane». Tulimuuliza mudogo wetu. Mustari wa kwanza, alisema, ni feza aliyompa mtu mmoja aliyemwahidi kazi ku mugodi. Kazi haikufika, na mtu yule hakuonekana tena. Mustari wa pili alinyamaza. Mpaka leo hajasema, na sisi hatuulize tena. Katika miaka 13, yeye ndiye alimubeba mama ku mugongo mpaka barabarani usiku ule mvua ilikuwa inanyesha. Mtu yule anaweza kuwa na mustari mmoja wa kwake.

Asubuhi yake tulienda wote ku makaburi. Tulimwomba mama samani, kisha tukamwomba mudogo wetu samani pale pale, mbele yake.

Watoto na kazi

Kwa watoto, mambo hayakuwa mepesi. Wanajua Kiingereza na Kizulu. Kiswahili chao kilikuwa cha ku simu, cha kusalimia bibi na babu. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini Kifaransa hakiingie bure ndani ya kichwa. Mtoto wa katikati alirudishwa madarasa mawili. Alikuwa analia jioni. Yule mukubwa, wa miaka 14, alituambia maneno haya: «Ninyi mumerudia. Sisi tumehama.» Alikuwa na haki. Tulikuwa tunaimba kurudia, kurudia, na hatukufikiri kwamba kwao ni ugeni mupya.

Kazi nayo ilichukua muda. Kwa miezi ya kwanza fundi wa umeme alitengeneza radio na pasi za majirani chini ya mwembe. Siku hizi kazi nyingi za migodi zinapita kwa makampuni ya sutretansi: kontra ya miezi mitatu, ya miezi sita, kisha unangoja tena. Mwaka 2024 Kipushi ilianza kutoa zenki tena, ule mugodi uliosimama tangu 1993, na pale alipata nafasi kwa njia ya kampuni ndogo. Anatoka nyumbani saa kumi za usiku. Bibi anauza samaki wa tomsoni ku soko la Kenya. Kule Yeoville alijifunza kuhesabu faida kila jioni mbele ya kulala, na hiyo njo inatuokoa mwezi kontra inapokwisha.

Shauri letu kwa jamaa

Ndugu wasomaji, kama muko na mtoto ng'ambo anayetaka kurudia, mumwambie mambo haya.

Kwanza, mumwambie ukweli juu ya feza yake. Mukikula feza ya matofali juu ya ugonjwa, mumwandikie siku ile ile. Ukweli unauma mara moja. Nyumba ya uongo inaanguka juu ya kichwa cha jamaa yote. Na wewe uliye mbali, usiulize nyumba tu kila ukipiga simu. Uliza baba amelala namna gani.

Pili, arudie na karatasi zote: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, buletini za shule, diploma, kontra za kazi. Sisi tuliombwa kutafsiri buletini kwa Kifaransa, na tulitembea wiki tatu. Diploma ya umeme tulikuwa tumeiacha kwa baba, na yeye alikuwa ameifunga ndani ya plastiki. Bila ile, Kipushi ingebaki ndoto.

Tatu, watoto wafundishwe Kifaransa na Kiswahili mwaka mmoja mbele ya safari, ata saa moja kwa siku.

Nne, asirudie na feza ya kufika tu. Mwenye nyumba ya kupanga anaomba garansi ya miezi mingi, kisha kuko chakula mpaka kazi ipatikane. Sisi tuliikala kwa baba, watu kumi na wawili katika nyumba ya vyumba vitatu. Bila baba tungelala inje.

Tano, asifike sawa mugeni wa kugawa zawadi. Afike sawa mtoto wa nyumba, aulize kwanza nani alikufa, nani alimubeba, nani alilipa.

Watu wanatuuliza kama tunajuta. Kuko usiku wa giza na joto tunajuta. Kisha asubuhi mama wa jirani anaita ku lupango: «Mulilala muzuri?», na anangoja jibu kweli. Miaka 13 hakuna mtu wa jengo letu kule aliyetuuliza vile.

Mwaka huu, mbele ya mvua, tulianza kazi tena kule Ruashi. Hatuna feza ya maso, basi kila dimanshi kisha chakula tunaenda wenyewe: mudogo wetu anapanga matofali, sisi tunachanganya simenti, yule mtoto wa miaka 14, ambaye sasa iko mukubwa kupita baba yake, anachota mayi. Baba anakaa chini ya mwembe wa jirani na kaye mpya ku magoti, anaandika mifuko ya simenti. Matembele tuliyahamisha pembeni, hatukuyatupa. Dimanshi iliyopita ukuta ulifika ku dirisha.