Fundi wa Nyumbani na Mtoto Anayetambaa

Ikiwa uko jikoni, punguza moto kidogo uketi. Ikiwa unanyonyesha, endelea tu, masikio hayana kazi nyingine.

Leo tunazungumza juu ya nyumba ambayo mzazi mmoja anapenda vyombo vya umeme. Unamjua mzazi huyo. Akitoka shambani au kazini jioni, anakula haraka, kisha anavuta meza karibu na taa. Anafungua redio iliyokufa, simu iliyoingia maji, rimoti ya jirani, au taa ya sola iliyokataa kuwaka. Si lazima awe baba. Siku hizi kuna akina mama wanaoshika bisibisi vizuri kuliko wanaume wao.

Kwanza tuseme ukweli: kupenda kazi hiyo ni jambo jema. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu imekuwa benki ya nyumbani, na mtu anayeweza kuifufua simu ni mtu wa maana kijijini. Mzazi anayeshinda jioni nyumbani akitengeneza redio yuko karibu na watoto wake kuliko yule anayekaa sokoni hadi usiku wa manane. Kwa hiyo mazungumzo haya hayakuja kukuambia utupe vyombo vya mwenzako nje. Yamekuja kukuonyesha mambo manne yanayoweza kumdhuru mtoto juu ya meza ile, na jinsi ya kuyazuia bila ugomvi.

JAMBO LA KWANZA: BETRI NDOGO YA MVIRINGO

Mama, hili ndilo kubwa kuliko yote. Kuna betri ndogo, bapa na ya mviringo, inayong'aa kama sarafu. Iko ndani ya saa, rimoti ndogo, mizani, vitoto vya kuchezea vinavyoimba, na hata kadi za sherehe zinazotoa muziki. Fundi huitoa, huiweka pembeni, na ikianguka haisikiki.

Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano huonja kila anachookota. Akimeza betri hiyo, inaweza kukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kati ya koo na tumbo. Hapo inagusa nyama iliyo na maji maji, na umeme unaanza kupita. Umeme huo hutengeneza kemikali kali inayounguza nyama. Ndani ya saa mbili tu, umio unaweza kuungua vibaya. Baadaye unaweza kutoboka, na hata mshipa mkubwa wa damu ulio karibu unaweza kupasuka. Watoto wamekufa kwa njia hii katika nchi nyingi.

Usidanganyike na neno "imekufa". Betri isiyoweza tena kuwasha rimoti bado ina nguvu za kutosha kumuunguza mtoto.

Dalili ni zipi? Mtoto anatokwa na mate mengi, anakataa kula, anakohoa, anatapika, anashika kifua au ana homa. Lakini sikiliza vizuri: mara nyingine hakuna dalili yoyote kwa saa kadhaa. Wazazi wengi hudhani ni mafua, au hudhani mtoto amemeza sarafu ambayo itatoka yenyewe chooni. Ukikuta rimoti imefunguka na betri haionekani, na mtoto alikuwa hapo, chukulia kwamba ameimeza.

Ufanye nini?

1. Usimtapishe. Betri itaunguza tena ikirudi juu.
2. Usimpe chakula wala kinywaji, maziwa wala ugali wa kusukuma.
3. Ikiwa mtoto amepita mwaka mmoja, anameza vizuri, na hazijapita saa 12 tangu ameze betri, mpe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika kumi, mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hufunika betri na kupunguza kuungua. Haiponyi. Usichelewe safari kwa sababu ya kutafuta asali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa maana inaweza kumletea ugonjwa mwingine wa hatari.
4. Mpeleke mara moja kwenye hospitali yenye mashine ya eksirei. Kwa sisi wa Kangeta, barabara ni moja, ya Maua upande huu na Meru upande ule. Piga simu kwanza ukiweza, uulize kama eksirei inafanya kazi saa hiyo, usije ukapoteza saa nzima kwa kuhama hospitali.
5. Ukifika mlangoni, usiseme "mtoto anakohoa". Sema "mtoto wangu amemeza betri". Ukipata betri nyingine ya namna hiyo, au rimoti yenyewe, ibebe umwonyeshe daktari.

Na kama mtoto ameisukuma puani au sikioni, hiyo pia ni dharura. Usitie dawa ya matone wala mafuta, maana majimaji huongeza kuungua. Mkimbize hospitali.

JAMBO LA PILI: RISASI KATIKA WAYA YA KULEHEMU

Fundi anapounganisha waya hutumia chuma cha moto na waya laini ya rangi ya fedha inayoyeyuka. Waya hiyo ya kawaida mara nyingi ni mchanganyiko wa bati na madini ya risasi. Risasi tunayosema hapa si ya bunduki. Ni madini mazito ambayo mwili hauna kazi nayo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiila, mwili wake hunyonya mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na inamharibu ubongo unaokua. Mtoto huchelewa kusema, husahau masomo, hukosa utulivu. Uharibifu huo haurudi nyuma.

Hapa Kenya tumeliona jambo hili kwa macho. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Akaanza kuwatetea wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Meza ya fundi wa nyumbani si kiwanda, tusitishane. Lakini somo ni lile lile. Risasi inasafiri kwa mikono, nguo na vumbi. Watu wengi huogopa ule moshi mweupe. Moshi huo unatoka zaidi kwenye utomvu uliomo ndani ya waya, nao huwasha macho na kuamsha pumu. Risasi yenyewe hubaki vidoleni na mezani, kisha inaingia kinywani pamoja na chapati.

Kwa hiyo:

- Kazi hiyo isifanyiwe jikoni, wala juu ya meza ya kulia chakula, wala kitandani anapolala mtoto.
- Dirisha liwe wazi.
- Fundi asile wala asitafune chochote akifanya kazi. Sisi watu wa Igembe tunajua kinachotafunwa jioni. Mkono unaoshika waya ndio huo unaopeleka miraa mdomoni.
- Akimaliza, anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isipanguswe kavu.
- Mama mjamzito asishike waya hiyo. Risasi huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni.
- Watoto wapewe vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu: maharagwe, njahi, omena, mboga za kijani, maziwa. Tumbo lenye chakula kizuri hunyonya risasi kidogo.

JAMBO LA TATU: BETRI KUBWA NA STIMA

Nyumba nyingi bado zina betri ya gari kwa ajili ya televisheni au sola. Ndani yake kuna asidi. Usiihifadhi asidi, wala mafuta ya taa, katika chupa ya soda. Mtoto anajua chupa ya soda ina nini. Asidi ikimrukia machoni au mwilini, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, huku ukivua nguo zilizolowa, kisha nenda hospitali. Akiinywa, usimtapishe. Betri hiyo ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, basi iwe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Betri ya simu iliyofura haitobolewi, haikandamizwi, wala haitupwi motoni. Itoe nje, iweke juu ya udongo au saruji, mbali na nyumba. Na simu isichajiwe chini ya mto wa kulalia.

Televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa inaweza kupiga mtu hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa ndani yake umeme hubaki umehifadhiwa. Isiachwe wazi usiku kucha hata kama fundi amechoka. Na mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima swichi kubwa kwanza.

JAMBO LA NNE: KIOO CHA SIMU

Mzazi anayependa simu huwa na simu nyingi, na mtoto akilia, anapewa moja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri: mtoto wa chini ya miaka miwili asiketi mbele ya kioo cha simu au televisheni. Wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vyema zaidi. Sababu ni kwamba ubongo wa mtoto hujengwa kwa kuongeleshwa, kujibiwa, kukimbia na kulala vya kutosha. Simu huongea, lakini haimsubiri mtoto ajibu.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Swali: Nikimwambia baba watoto aondoe vitu vyake, anasema ninadharau kazi yake. Nifanyeje?

Jibu: Usianze na "ondoa". Anza na kumwomba msaada. Mwambie, "Baba nanii, wewe ndiwe unayejua hizi betri. Tutaziweka wapi mtoto asizifikie?" Fundi hupenda kutatua jambo. Tafuteni mkebe wenye kifuniko kinachofungwa kwa kuzungushwa, uwekwe juu, ambapo hata mtoto akipanda kiti hafiki. Betri zilizotumika zifungwe kwa selotepu pande zote mbili kabla ya kuwekwa humo. Kila rimoti yenye kifuniko kilegevu ifungwe kwa skrubu au selotepu. Na kabla ya kulala, fundi apitishe tochi sakafuni chini ya meza.

Swali: Kijana wangu wa miaka kumi anapenda kumtazama baba yake akifanya kazi. Nimfukuze?

Jibu: Usimfukuze. Hapo ndipo anapojifunza. Mpeni kazi inayomfaa: mawe mawili ya tochi, waya na glopu ndogo, awashe taa mwenyewe. Apange skrubu, asome namba, ashike tochi. Asiguse stima ya ukutani, chuma cha moto, wala waya ya kulehemu. Mdogo wake anayetambaa ndiye asikaribie kabisa.

Swali: Nyanya ndiye anayebaki na mtoto mchana. Haelewi habari za betri.

Jibu: Mwonyeshe kwa macho. Shika betri ya saa, iweke karibu na sarafu, umwambie: "Hii ikipotea, nipigie simu saa hiyo hiyo, usingoje jioni." Atakumbuka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Betri ya mviringo ikimezwa, saa mbili zinatosha kuharibu. Nenda kwenye eksirei mara moja. Usimtapishe. Asali ni kwa aliyepita mwaka mmoja tu, na ni njiani. Kazi ya kulehemu ikae mbali na chakula, na mikono ioshwe kwa sabuni. Asidi isikae katika chupa ya soda. Mtoto mdogo aongeleshwe na watu.

Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, hesabu rimoti, saa na taa ndogo zilizo nyumbani mwako, uone kama kila kifuniko kimefungwa. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Ukiona kimoja kilegevu, kifunge usiku huu huu.

Mweleze na jirani. Mungu akipenda tutakutana tena juma lijalo. Kwaheri.