Picha na Makusudio Yake

Siku hizi ni nadra kuingia nyumba isiyokuwa na simu yenye kamera. Siku ya Idi, kabla biriani haijapakuliwa, huwa zimekwisha pigwa picha mia. Na mwaka ukigeuka hatuoni katika hizo hata moja ya kutazamwa mara mbili. Watu husingizia simu kuwa ni duni. Mimi naona kwamba aghalabu ila haimo katika simu, bali imo kwa mpigaji ambaye hakujiuliza kabla ya kubonyeza: ninapiga picha ya nini?

Jicho la binadamu lina upendeleo. Ukimtazama mwanao aliyevaa kanzu mpya, humwona yeye tu. Ndoo iliyo nyuma yake na nguo zilizoanikwa huzioni kabisa. Kamera haina upendeleo huo. Huvichukua vyote kwa daraja moja, na baadaye ukashangaa kuona nguzo ya umeme imeota juu ya kichwa cha mtoto. Basi ukisha jua unachokitaka, kisogelee. Pitisha jicho katika pembe nne za picha, na kila kisichokuwa na kazi humo kiepuke. Mara nyingi hatua mbili za kando zatosha. Mtoto mpige ukiwa umechutama, macho yako yawe sawa na yake, kwani akipigwa kutoka juu hutokea kichwa kikubwa na miguu mifupi. Anayetazama upande mmoja, mwachie nafasi upande huo. Wala si lazima uso uwe katikati siku zote. Jua la adhuhuri ni baya kwa nyuso, hutia vivuli vyeusi machoni. Alasiri ni bora, na kwa mzee asiyeweza kutoka, mketishe kando ya dirisha, nuru imjie kwa ubavuni.

Ama kuitengeneza picha baada ya kupigwa, wengi hudhani kuwa ni uzushi wa zama hizi za kompyuta. Sivyo. Mwaka 1941 Mmarekani Ansel Adams alikuwa akipita kwa gari karibu na kijiji cha Hernandez, katika jimbo la New Mexico, akaona mwezi umepanda juu ya milima, na jua la magharibi likiangaza misalaba ya makaburini. (Tarehe hakuiandika, wanafalaki ndio waliokuja kuikokotoa baadaye kwa kuangalia mahali pa mwezi katika picha.) Alitafuta kipima-mwanga chake asikione, akakadiria kwa kuwa aliujua mwangaza wa mwezi. Akapiga mara moja, na kabla hajapiga ya pili jua likaondoka misalabani. Filamu ile ilikuwa ngumu kuchapisha. Mwaka 1948 aliitia dawa sehemu ya chini ili ipate nguvu, na katika miaka iliyofuata alizidi kuitia mbingu weusi kila alipoichapisha. Alitaka mtazamaji aone kile kilichomshtua yeye hata akasimamisha gari. Lakini mwezi hakuutia yeye, wala misalaba hakuihamisha.

Linganisha na jarida la National Geographic la Februari 1982. Picha ya mapiramidi ya Giza, huko Misri, ilikuwa ya mlalo, na jalada ni la wima. Basi wakayasogeza mapiramidi kwa kompyuta yakaribiane. Lawama zilizowapata zingali zikitajwa hata leo, nami naziona za haki. Anayekata kingo za picha ili aondoe ndoo hajasema uwongo juu ya mtoto. Hao walisema uwongo juu ya Giza.

Kwa picha za nyumbani kazi ni ndogo. Nyoosha upeo wa bahari ulioinama, kata kingo, ongeza nuru kidogo usoni, kisha acha. Na kabla ya hayo yote, weka kando nakala ya asili.

Jambo hili la nakala tulijifunza kwa uchungu nyumbani kwetu. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alipofariki aliacha picha moja nzuri, amekaa barazani asubuhi akisuka ukili. Mjukuu mmoja, kwa mapenzi, aliipeleka kutengenezwa ili kila mtoto wa bibi apate yake. Ilirudi bila makunyanzi, rangi imetakata, na lile kovu la juu ya nyusi, alilolipata kwa kuanguka mwembeni utotoni, limefutwa. Tukampelekea mdogo wake, mzee wa miaka 80 na ushei, aliyekuwa naye siku ile ya mwembe. Aliishika muda mrefu karibu na macho.

“Mzuri,” akasema. “Binti wa nani huyu?”

Mjukuu akatoa simu atafute ile ya kwanza. Alikuwa amekwisha ifuta, apate nafasi ya picha nyingine.