Kombe la Taa

Mtu akiokota kombe ufuoni, mara husema, "Hili ni la kome," akashika njia yake, na kwa kawaida hakosei. Lakini yuko mnyama mmoja wa baharini, mwenye magamba mawili vilevile, aliyewapoteza hata wenye elimu kwa miaka mingi, kwa kuwa walitazama kombe lake, yeye mwenyewe wasimwangalie sana. Wataalamu humwita brakiopodi. Watu wa Ulaya walimwita kombe la taa, maana umbo lake lafanana na zile taa ndogo za udongo za Warumi, zenye tumbo la mafuta na mdomo wa kupitishia utambi.

Kumtambua si kazi ngumu, na mwalimu aweza kuwachorea watoto ubaoni. Magamba ya kome ni kama viganja viwili vya mtu: moja la kuume, moja la kushoto, nayo yalingana. Ya mnyama huyu sivyo. Moja liko mgongoni na moja tumboni, na mara nyingi la tumboni ni kubwa kuliko mwenziwe. Lakini ukipiga mstari katikati ya gamba moja, upande huu na upande huu ni sawa. Wengi wao wana tundu kwenye ncha ya gamba kubwa, na humo hutoka kikonyo, mfano wa kikonyo cha embe, ambacho mnyama hujishikiza kwacho mwambani. Ndani mna mikono miwili iliyojikunja, yenye vinyweleo vingi vipigavyo maji daima na kuchuja chakula kidogo kidogo.

Mwaka 1870 Bwana Edward Morse wa Marekani alitangaza kwamba wanyama hawa si jamaa ya chaza na konokono kama ilivyosadikiwa, bali ni jamaa ya minyoo. Kwa ajili yao alivuka bahari mwaka 1877 mpaka Japani, akafanya kijumba cha uchunguzi huko Enoshima. Alifuata makombe, lakini Chuo Kikuu cha Tokyo kikamshika awe mwalimu wake wa kwanza wa elimu ya wanyama.

Huko Japani yuko mmoja wa jamaa hii aitwaye lingula. Yeye hakai mwambani; hukaa wima katika shimo la matope, kikonyo chake kirefu ki chini kama mzizi, na akishtuliwa hujivuta ndani. Wajapani hawakuona taa. Waliona shamisen, ndiyo zeze yao ya nyuzi tatu yenye shingo ndefu, wakamwita kombe la shamisen. Katika Bahari ya Ariake watu humchimbua matopeni wakampika. Kinachomsumbua mtaalamu akili, kwa jirani yake ni kitoweo!

Makombe ya jamaa hii yameonekana katika mawe yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Aina zaidi ya 12,000 zimetambuliwa mawezani. Zilizo hai leo ni 400 hivi. Ilisemwa kwamba walishindwa na chaza, wakanyang'anywa bahari. Mwaka 1980 Bwana Gould na Bwana Calloway walihesabu aina za pande zote mbili, zama kwa zama, wasione dalili ya vita hivyo. Waliona pigo moja, yale maangamizi makuu ya miaka milioni 252 iliyopita, yaliyowakata brakiopodi kuliko chaza.

Na lingula naye alihukumiwa kwa gamba lake. Kwa kuwa la kale lafanana na la leo, Darwin mwaka 1859 alimtaja miongoni mwa wasiobadilika sana, na wengi wakamfanya mfano wa kiumbe aliyesimama. Mwaka 2015 wataalamu walitoa habari za jeni zake, yaani maandiko ya urithi, kama 34,000, wakaona yameongezeka na kugeuka. Gamba lake ni la fosfati ya chokaa, kitu cha namna ile iufanyayo mfupa wetu kuwa mgumu. Walakini hana jeni zijengazo mifupa, amepata njia yake mwenyewe. Tena walimwona yu karibu na jamaa ya chaza kuliko minyoo. Basi Bwana Morse alifanya haki kumtoa katika nyumba ya chaza, lakini ile aliyompeleka haikuwa yake. Leo ahesabiwa kuwa na nyumba yake mwenyewe, na chaza ni jirani.