Pima kwanza kabla ya kung'oa injini ya pikapu kuukuu

PIKAPU kuukuu ya Toyota Hilux, ile inayovutwa na magurudumu yote manne, yaweza kuwa na fremu imara ilhali injini yake imechoka. Mwenye gari huamua kuibadilisha. Kosa la wengi ni kung'oa kwanza na kupanga baadaye, gari likabaki juu ya mawe miezi na miezi.

Injini ya dizeli ya 2L ina ujazo wa sisi 2,446. Za ukoo wake ni 3L yenye sisi 2,779 na 5L yenye 2,986; hizi aghalabu huafikiana na giaboksi iliyopo bila kazi kubwa ya kuchomelea. 1KZ-TE ina nguvu zaidi, lakini pampu yake huongozwa na kompyuta. Ukiinunua bila kompyuta hiyo na nyaya zake, umenunua chuma kitupu.

Fundi apime pia nafasi kati ya sufuria ya oili na difu ya mbele, kwani gari likiruka mashimoni hivyo viwili vyaweza kugongana. Katika bajeti, tia rejeta, klachi na breki.

Hatimaye, stakabadhi. Nambari ya injini imo katika rekodi za usajili wa gari, hivyo mabadiliko sharti yasajiliwe na mamlaka ya NTSA. Muuzaji asiye na hati za injini mwepuke: rahisi yake itakugharimu utakapotaka kuliuza gari.