Utando Juu ya Maji ya Tangi: Unatoka Wapi na Uondolewe Vipi

Wakaazi wengi wa Kaptembwo huhifadhi maji. Katika ploti yenye vyumba vingi na mfereji mmoja, maji yakija kila mtu hujaza tangi, pipa na mitungi ya lita 20, kisha maji hayo hutumiwa kwa siku kadhaa. Baada ya siku mbili tatu, ukifunua tangi huenda ukaona utando mwembamba juu ya maji. Mwingine hung'aa, mwingine ni wa kijivu kama vumbi lililolowa. Wengi huusukuma kando kwa kikombe na kuchota chini yake. Hilo halitoshi, na mkono ulioshika kikombe mara nyingi huacha uchafu mwingine ndani.

Masizi, mafuta, vumbi la barabarani na chavua ya miti ni vitu visivyochanganyika vizuri na maji. Maji yakitulia, hubaki juu na kutandaa. Bakteria hula mabaki hayo na kuzaana, na ndiyo sababu kuta za tangi nazo huwa na utelezi. Anayefuga samaki wa mapambo wa maji ya chumvi analijua jambo hili vyema: tangi lake la kioo hupangwa ili maji ya juu yamwagike kwanza, yapite kwenye chujio, ndipo yarudi. Tangi la ploti hufanya kinyume. Bomba lake liko karibu na chini, kwa hivyo utando hauna pa kutokea. Hushuka pamoja na maji mpaka siku ya mwisho, maji yanapokaribia kuisha, ukachanganyika na tope la chini na kutoka kwa bomba siku ile ile ambayo watu wana maji machache zaidi.

Kabla ya kuuondoa, ujaribu kwa kijiti safi. Ukivunjika vipande vipande na vipande visirudiane, huenda umetokana na bakteria au madini kama chuma. Ukiwa na rangi za upinde wa mvua na kujifunga tena mara moja, shuku mafuta: labda mtungi uliwahi kubeba mafuta ya taa au ya kupikia. Maji yenye harufu ya mafuta ya taa au petroli usiyanywe wala usiyapikie. Kuyachemsha hakuyafanyi kuwa salama. Wapo wanaomwaga mafuta kwenye maji makusudi ili kuua viluwiluwi vya mbu. Katika maji ya kunywa jambo hilo lisifanywe kamwe. Kifuniko kinachobana na wavu kwenye bomba la kufurikia vinatosha kuwazuia mbu.

Njia nyepesi ya kuuondoa utando ni kuliacha tangi lifurike kidogo linapojazwa. Maji ya juu ndiyo hutoka kwanza, na utando hutoka nayo. Weka ndoo chini ya bomba la kufurikia. Maji hayo yatafaa kupigia deki au kumwaga chooni. Katika pipa, uchote utando kwa chombo safi chenye mpini mrefu.

Ndipo utibu maji ya kunywa. Mpangilio huu ni muhimu, kwa sababu uchafu hula klorini: ukiweka dawa juu ya utando, sehemu yake hupotea kabla ya kufikia viini. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa, weka dawa kwa kipimo cha kibandiko chake, kisha ungoje dakika 30. Ukichemsha, subiri mpaka maji yatokote kwa nguvu, uyaache hivyo kwa dakika moja au zaidi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini joto hilo huua viini.

Utando ukirudi haraka, tangi lenyewe linahitaji kuoshwa. Limwage, sugua kuta kwa brashi na usuuze. Lijaze tena, tia lita moja na nusu hivi ya klorini ya maji ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, kwa kila lita 1,000, uache kwa saa 24. Mwaga, usuuze tena. Usichanganye klorini na sabuni ya choo au asidi, na mtu asiingie ndani ya tangi akiwa peke yake. Kazi hii ni ya mwenye ploti na wapangaji kwa pamoja, na ni vyema wakubaliane mapema ni nani atanunua dawa.

Kwa maji ya mvua, mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe mabati na gata kabla ya bomba kuelekezwa tangini.

Maji yasiyo na utando pia yana mambo yake. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Haionekani, na kuchemsha hakuiondoi. Mwenye kutegemea kisima na ayapeleke maji yake yapimwe.

Ikiwa maji yanayotoka moja kwa moja mferejini yana mafuta au harufu, jaza chupa safi, andika siku na saa, uarifu NAWASSCO na afisa wa afya ya umma wa wadi.