Strathmore: Chuo cha Wakatoliki na Mtoto wa Pumwani

Kwetu sisi watu wa pwani neno "chuo" kwanza hutupeleka penye mkeka, juzuu na sauti ya mwalimu. Ndiyo maana mzazi wa Kiislamu akiambiwa habari za chuo cha Wakatoliki, swali lake la mwanzo si kinafundisha nini. Huuliza: "Mwanangu atatoka na dini gani?"

Swali hilo halikuzuka burebure. Wakati wa ukoloni shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na shule na kanisa vilikuwa kitu kimoja. Wazazi wengi waliona heri mtoto akose hesabu kuliko kukosa imani. Hata Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, akawahimiza Waislamu waishike elimu ya kisasa bila kuiacha dini yao, wako waliomsikia, lakini nafasi za kusomea zilikuwa haba.

Nairobi mambo yalikuwa yayo hayo, na juu yake palikuwa na ubaguzi wa rangi. Wazungu walikaa magharibi penye miti na upepo. Wahindi walikuwa Parklands, Ngara na Eastleigh. Mwafrika alipewa upande wa mashariki, tunaouita leo Eastlands. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nyumba zake zikajengwa kwa mtindo wa Kiswahili, na Waislamu wakawa wengi humo. Kijiji cha kale cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wake walihamishiwa Shauri Moyo. Baadaye zikaja Kaloleni, Bahati, Jericho na nyinginezo. Shule nazo zilifuata rangi: Prince of Wales ya Wazungu, Duke of Gloucester ya Wahindi, na Mwafrika atafute zake.

Katika mji uliogawanywa hivyo ndipo Chuo cha Strathmore kilipofunguliwa mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru. Kilijengwa Lavington, katikati ya makao ya Wazungu, kiwe cha vidato vya tano na sita. Waanzilishi wake walikuwa watu wa Opus Dei, jumuiya ya Kikatoliki iliyoingia Kenya mwaka 1958, ambayo wengi wa wafuasi wake si mapadri bali ni watu wa kazi za kawaida. Mwasisi wa jumuiya hiyo, padri wa Kihispania Josemaría Escrivá, aliwapa masharti. Chuo kisibague rangi. Kiwapokee wasio Wakatoliki na hata wasio Wakristo. Kisiwe shule ya misheni. Na kila mwanafunzi alipe angalau kitu kidogo, maana cha bure hakithaminiwi.

Hata jina lake si la mtakatifu yeyote. Ni neno la Kiskoti, na maana yake ni bonde kubwa. Basi bondeni humo wakaketi darasa moja Mwafrika, Mhindi na Mzungu, jambo ambalo Kenya ya mwaka 1961 haikulizoea hata kidogo.

Vijana wa leo huenda wasijue uzito wa kidato cha sita. Wakati huo aliyemaliza kidato cha nne hakuweza kurukia chuo kikuu. Ilimbidi asome miaka miwili zaidi, na nafasi zilikuwa za kuhesabika. Aliyekosa daraja hilo aliishia ukarani, na aliyelivuka aliweza kuwa daktari, mhandisi au wakili.

Na liko jambo ambalo wengi wetu pwani hatulijui. Mkuu wa kwanza wa chuo hicho, Mmarekani David Sperling, alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wa historia ya Uislamu pwani ya Kenya. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata Chuo Kikuu cha London mwaka 1988, ilihusu jinsi Uislamu ulivyoenea miongoni mwa Wamijikenda tangu mwaka 1826 hadi 1933. Tazama mambo ya Mwenyezi Mungu: Mkatoliki anafungua chuo Nairobi, kisha anatuandikia habari za babu zetu!

Je, mtoto wa Pumwani alinufaika na mlango huo? Mlango ulikuwa wazi, lakini safari ya kuufikia ilikuwa ndefu. Ilimpasa kwanza ashinde mtihani wa kidato cha nne, na huko ndiko wengi walikokwama: karo hakuna, shule za sekondari chache, na baba bado ana wasiwasi wake. Carey Francis, mwalimu mkuu mashuhuri wa Alliance, alipostaafu mwaka 1962 hakwenda kupumzika Uingereza. Alikwenda kufundisha Sekondari ya Pumwani, na akaendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1966. Mzee yule alitambua kuwa wenye haja ya mwalimu ndio hao.

Strathmore nayo haikusimama kwa mguu mmoja. Mwaka 1966 ilianza kufundisha uhasibu. Kwa hiyo mfumo wa 8-4-4 ulipokuja mwaka 1985, na mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ukafanywa mwaka 1989, chuo hakikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilihamia Madaraka na kuungana na Chuo cha Kianda cha wasichana, nacho kilichoanza mwaka 1961. Mwaka 2002 kikapata idhini ya muda ya kuwa chuo kikuu, na mwaka 2008 kikapewa hati kamili. Amana iliyokizaa ikafika mpaka Eastlands, ambako imeanzisha chuo cha ufundi, Eastlands College of Technology.

Sisi pia hatukulala. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa jina la MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, miaka kumi kabla ya Strathmore. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora walishirikiana kuijenga kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 ikafunguliwa kwa wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Leo ni ya serikali.

Wahenga walisema: Mgala muuwe na haki umpe. Wakatoliki hawa walitumia kitu ambacho Uislamu umekijua tangu zamani, nacho ni wakfu: mali hutolewa, haiuzwi wala hairithiwi, na faida yake huwaendea watu. Misikiti yetu mingi imesimama kwa wakfu. Nyumba na mashamba ya wakfu tunayo, Lamu hata Mombasa. Lakini ni ngapi kati ya hizo zinazomlipia mtoto wa Majengo karo ya sekondari?

Mzazi aliyeogopa dini ya mwanawe alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini imani ya mtoto hailindwi kwa kumnyima kalamu. Hulindwa na chuo cha asubuhi pamoja na shule ya mchana, na vyote viwili vina gharama.