Kabla Hujashika Shoka

Wiki hii nazungumzia mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ambao asili yake ni Madagaska na ambao umeenea katika nyua za miji yetu. Wengi wakiuona umepukutika majani wakati wa kiangazi, hutoa hukumu mara moja: umekufa, ung'olewe, upandwe mwingine.

Mimi nasema tusubiri kidogo. Mkrismasi hupukutisha majani ili kubana maji. Ndiyo kawaida yake. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha. Ukikuta rangi ya kijani na unyevu, mti u hai. Ukikuta ukavu wa kahawia, jaribu tawi nene zaidi, kisha shina.

Ikiwa u hai lakini unadhoofika mwaka hadi mwaka, tazama chini. Mara nyingi tumesakafia ua kwa saruji hadi shinani, mizizi ikakosa maji na hewa. Bomoa saruji hiyo, mwagilia, kisha upe msimu mmoja wa mvua. Kivuli cha miaka 15 hakinunuliwi sokoni.

Lakini uyoga ukiota shinani, au mti ukianza kuinama, hapo huruma ni hatari, kwani chini yake hucheza watoto. Ukate. Mwingine uupande mbali na ukuta na shimo la choo, maana mizizi yake hutambaa juu juu.

Kukata ni kazi ya asubuhi moja. Kukuza ni kazi ya miaka.